Deni la Mwindaji kwa Mnyama

Mwezi huu twapenda kulichungua swali moja ambalo kwa kwanza laonekana dogo. Mtu akimjeruhi mnyama porini pasipo kukusudia, naye mnyama akakimbia na kufa polepole mahali asipoonekana, je, mtu huyo ana hatia? Wengi hujibu upesi: Hana, maana yeye alitaka kumwua mara moja, wala hakutaka kumtesa. Sisi twaona kwamba jibu hili limekuja kwa haraka mno. Nasi twataka kulipima kwa kazi ya watu wa nchi ya mbali, kwa kuwa katika kazi yao jambo hili laonekana wazi.

Huko Marekani wako wawindaji wengi wasionunua risasi zilizo tayari, bali huzitengeneza wenyewe nyumbani. Huyakusanya maganda ya shaba yaliyokwisha kutumika, huyasafisha na kuyarudisha katika umbo lake, hutia fataki mpya, hupima baruti kwa mizani, kisha huikaza risasi mdomoni mwa ganda. Baadhi yao wapenda bunduki ya wenzo yenye kasiba pana. Mwenye bunduki hiyo huushusha na kuupandisha wenzo ulio chini ya mkono wake, na hivyo ganda tupu hutoka na risasi nyingine huingia. Kipimo chake kijulikanacho sana huitwa .45-70, nacho kilichaguliwa na jeshi la Marekani mwaka 1873. Hesabu ya kwanza ni upana kwa sehemu za mia za inchi. Ya pili ni baruti nyeusi iliyotiwa, kwa kipimo cha greni. Greni ni uzito mdogo mno, maana greni 7,000 hufanya ratili moja. Risasi ya wakati ule ilikuwa ya greni 405, yaani gramu 26. Kipimo hicho hutumika hata leo, katika bunduki kama Winchester ya 1886 na Marlin 1895, ambayo umbo lake jipya lilitokea mwaka 1972.

Basi mwindaji huyu aketipo mezani pake, neno la kwanza la kuamua ni hili: Nitatumia risasi ya uzito gani? Iko ya greni 300, iko ya 405, iko ya 500 na zaidi. Zote zina upana mmoja. Kwa hiyo iliyo nzito ni ndefu, nayo hupenya ndani zaidi, kwa kuwa uzito mwingi wasukuma nyuma ya tundu lile lile. Ile nyepesi yenye ncha iliyotobolewa hupanuka upesi, nayo yafaa kwa kulungu wa kawaida. Lakini ikipiga mfupa wa bega la dubu, au la kulungu wale wakubwa wa Alaska ambao dume laweza kupita kilo 600, yaweza kuvunjika kabla haijafika mapafuni. Hapo ndipo maumivu tuliyoyataja huanza.

Je, yatosha basi kuchagua iliyo nzito kuliko zote? Hapana. Risasi nzito ina masharti yake. Kwanza, huenda polepole, tena hushuka. Ile ya greni 405 ikitoka kwa mwendo wa mita 400 kwa sekunde, nayo bunduki imelenga sawasawa kwa mita 90, ikifika mita 180 itakuwa imeshuka zaidi ya nusu mita. Kwa hiyo aliyechagua uzito amekwisha kuchagua pia kumkaribia mnyama, kunyata na kungoja, na kurudi nyumbani mikono mitupu kama hakuweza kumkaribia. Asiyekubali sharti hilo asiichukue risasi hiyo. Pili, kadiri uzito unavyozidi, bunduki hulipiga bega la mpigaji kwa nguvu zaidi. Mtu anayeliogopa pigo hilo hufumba macho na kutikisika wakati wa kufyatua, na uzito wote alioutafuta hauna faida. Tatu, risasi nzito yaweza kupita katika mwili wa mnyama na kuendelea mbele. Na nani ajuaye aliyesimama nyuma ya kichaka?

Tena yuko jirani wa kufikiriwa. Bunduki za kale za mwaka 1873 bado ziko mikononi mwa watu, na kwa ajili yake wakuu wa kazi hii huko Marekani wameweka mpaka wa nguvu ya baruti katika kipimo hiki: ratili 28,000 kwa kila inchi mraba. Bunduki mpya zaweza kustahimili zaidi, na vitabu vya mafundi huonyesha vipimo vyake mbalimbali. Mtu akijaza kwa nguvu ya bunduki mpya, akaziweka risasi zake katika sanduku lisiloandikwa neno, kisha mwanawe au rafiki akazitia katika bunduki ya babu, chuma chaweza kupasuka usoni pake. Maneno machache juu ya sanduku yangemwokoa.

Hata ndege wana sehemu yao. Huko California tai wakubwa waitwao kondori waliumwa na kufa kwa sumu ya risasi waliyoila katika mizoga na matumbo yaliyoachwa porini. Kwa hiyo tangu tarehe 1 Julai, 2019 sheria ya huko yakataza madini ya risasi katika uwindaji wote. Badala yake hutumika shaba nyekundu. Lakini shaba ni nyepesi kuliko risasi. Ukitaka uzito ule ule utapata kitu kirefu zaidi, kinachoila nafasi ya baruti ndani ya ganda. Hivyo fundi hana budi kupunguza uzito na kuzidisha uangalifu. Tazameni jinsi huruma kwa mnyama mmoja na huruma kwa mwingine zavutana, na mtu hupaswa kufikiri.

Wako watakaosema: Mwenye chombo chema amekwisha kutimiza wajibu wake. Hao twawakumbusha nyati wa Marekani. Katika miaka ya 1870 wawindaji waliwaua kwa bunduki zenye risasi nzito, zilizofaa kabisa kwa kazi ile, hata wakakaribia kutoweka katika nchi. Kasoro haikuwa katika uzito wa risasi. Palikosekana moyo unaojua kusema: Yatosha.

Sasa twalirudia swali letu. Neno hili, “sikukusudia,” lina nguvu kwa mtu aliyekusudia mema tangu mwanzo. Kusudi halianzi wakati kidole kinapogusa bunduki. Huanza mezani, palipo mizani na baruti na utulivu wa kufikiri. Aliyepima kwa uangalifu, akajizoeza, akakataa kupiga kwa mbali, kisha mnyama akageuka ghafula akajeruhiwa, huyo twaona hana hatia. Hata hivyo analo deni: aifuate damu mpaka mwisho, hata usiku ukiingia na miguu ikichoka. Lakini aliyechukua risasi yoyote iliyokuwa karibu, akapiga kwa kubahatisha, hawezi kujificha nyuma ya neno hilo. Maumivu yale hakuyataka, ni kweli. Lakini hakutaka pia taabu ya kuyazuia.

Wengi wetu hatutashika bunduki ya namna hiyo maisha yetu yote. Lakini nani kati yetu hachinji mbuzi au kuku? Na wangapi humfunga mnyama kwanza, ndipo watafute jiwe la kunolea kisu? Wahenga walisema, mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Nasi twaongeza kwamba ukali wa kisu si kwa faida ya mlaji peke yake. Mbuzi naye ana haki juu ya makali hayo. Basi, ndugu, kila atakayetoa uhai wa kiumbe na anoe kisu chake kabla hajashika kamba.