Zamu Yenu ni Saa Ngapi?

Wanangu mliojaaliwa mtoto mwenye mgongo wazi, na hasa nyinyi kina baba, shangazi na wajomba, nisikilizeni. Siku ya operesheni ukoo mzima hujaa Hospitali ya Muhimbili na michango hutoka. Mtoto akishashonwa mgongo, watu humshukuru Mungu wakarudi makwao. Kazi ndiyo kwanza inaanza, na mama ameshaachwa peke yake.

Uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, mara nyingi mama hajajua hata kama ni mjamzito. Usipofunga, mishipa ya fahamu ya miguu, kibofu na haja kubwa huumia. Operesheni huziba mgongo, lakini mishipa iliyokwisha kuumia hairudi. Hapo hakuna laana wala mkono wa jirani, na anayemnyooshea mama kidole anamwongezea mzigo tu.

Kibofu kitazameni sana. Mkojo ukituama humo huharibu figo kimyakimya. Kwa hiyo kila baada ya saa tatu au nne mama ananawa kwa sabuni, anapitisha mpira mwembamba kwenye njia ya mkojo, anangoja mkojo umwagike wote, kisha anauchomoa mpira. Kama anauza maandazi sokoni, mchana anaacha meza yake na kukimbilia shuleni, la sivyo mtoto atakaa na mkojo mpaka jioni. Wateja hawamngoji. Juu ya hayo kuna pampasi, nauli ya bajaji na siku za kliniki. Hasara ya meza iliyoachwa haina risiti, ndiyo maana hamuioni. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Basi nawausia. Baba, jifunze kupitisha mpira. Daktari Jack Lapides wa Michigan, Marekani, alionyesha mwaka 1972 kwamba kazi hii haihitaji vifaa vya chumba cha upasuaji. Mikono safi na mpira safi vinatosha. Shangazi, shika zamu. Mchango wa operesheni uendelee kila mwezi, hata ukiwa mdogo, ununue mipira na kulipa nauli. Mwalimu, mpatie mtoto choo chenye mlango na maji. Na akishakuwa na umri wa shule, afundishwe kujihudumia, wengi huweza.

Kila jioni mkagueni nyayo, visigino na makalio. Pasipo na hisia, maji ya moto humbabua asilie, na kidonda huweza kumlaza miezi. Na mtoto aliyewekewa mrija wa kuteremsha maji ya kichwani hadi tumboni, akitapika, akiumwa kichwa au akisinzia kupita kawaida, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Msingoje kukuche.

Nanyi mabinti mnaotarajia kuzaa, anzeni foliki asidi kabla ya mimba, mikrogramu 400 kila siku. Haiondoi hatari yote, lakini huipunguza sana. Aliyekwisha kumzaa mtoto wa mgongo wazi amwone daktari kabla ya mimba nyingine, kwani dozi yake ni kubwa zaidi.

Mtoto huyu ana haki ya kukua, kusoma na kushika kazi yake. Atafika huko akiwa na figo nzima, na mama ambaye hajachakaa. Kwa hiyo mkienda kumjulia hali, kabla ya kuaga muulizeni mama zamu yenu ni saa ngapi.