Chozi na Ua

Ukisimama juu ya Mto Nzoia, katika mji wa Moi's Bridge ulioitwa Hoey's Bridge hapo zamani, utaona mashamba ya mahindi yametanda kila upande. Magharibi umeinuka Mlima Elgon, na kaskazini mashariki ipo milima ya Cherangani. Mto huo hukusanya maji yake kutoka misitu ya milima hiyo, na ndimo aishimo ndege mdogo aitwaye chozi.

Marekani wako ndege wadogo wavumao kwa mbawa zao, ambao kwetu hawapatikani. Chozi hufanana nao, ijapokuwa ukoo wao ni mbalimbali. Kazi moja ndiyo iliyowapa maumbo yakaribianayo. Wale wa Marekani hunywa huku wakielea hewani. Chozi, kwa desturi yake, hutua kitawini, akatumbukiza mdomo wake mwembamba uliopinda ndani ya ua, akanyonya mbochi, yaani maji matamu ya ua. Anyonyapo, chavua hushika katika manyoya ya kichwa chake, naye huipeleka ua la pili bila kujua. Kwa safari hiyo ua hupata mbegu, na msitu hupata miti ya kesho.

Sasa, msomaji, nakuuliza: je, chozi ni mwema? Hakuondoka kiotani kwa nia ya kuusaidia msitu. Aliondoka kwa njaa yake, na pengine kwa njaa ya makinda yake, ambao huwalisha wadudu na buibui. Wako wasemao kwamba tendo lenye faida kwa mtendaji si wema. Mimi siafikiani nao. Wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi. Ua nalo halikumwita chozi kwa mkono mtupu. Mkulima auzaye mahindi yake apate karo ya watoto hulisha watu asiowajua, na faida yake haiwapunguzii shibe.

Lakini tazama jambo jingine. Baadhi ya chozi wenye midomo mifupi, wakutanapo na ua lenye koo refu, hawaingii mlangoni. Hulitoboa ua ubavuni, karibu na kikonyo, wakanywa na kwenda zao. Chavua haikuwagusa. Mbochi imelipwa, na kazi haikufanyika.

Huyu naye hatuwezi kumshtaki, kwa sababu hana akili ya kupima haki. Wewe unayo. Mwanafunzi anakiliye majibu ya mwenzake ametoboa ua ubavuni: alama amepata, elimu haikumgusa. Mchuuzi apunguzaye mizani hali kadhalika. Naye mtu akataye mti wa msituni kwa makaa, asipande hata mche mmoja, hunywa mbochi ya watu walio chini ya mto, ambao watayatafuta maji wakati wa kiangazi.

Huenda ukanijibu kwamba mchoma makaa ana njaa pia, na watoto wake wanalia. Jibu hilo ni zito, wala silidharau. Njaa huweza kumpunguzia mtu lawama. Haiwezi kumrudishia jirani yake maji. Kwa hiyo wajibu wa kuulinda msitu hauwi wake peke yake. Sisi tunaokula mahindi yaliyonyeshewa na mvua, na kupikia makaa yale yale, tunashiriki deni lake.

Basi usione haya kutafuta riziki, wala usijisifu kwamba hutafuti chochote. Kila jioni jiulize swali moja: mahali nilipochukua leo, nimeacha nini? Chozi hawezi kujiuliza, ndiyo maana hasifiwi wala halaumiwi. Wewe ukishajiuliza, jibu litakuwa juu yako.