Kilio Huenda kwa Nani?

Usiku mmoja wa mwezi wa saba, kusi inavuma mpaka makuti ya jikoni yanapiga kelele, nilimuua rafiki yangu mara tatu. Sikumpiga risasi hata moja. Nilijitupa tu mahali ambapo yeye, kwa vile ni rafiki, alilazimika kunifuata.

Tulia, ni gemu. Tulikuwa tunacheza Borderlands 2, ile ya mwaka 2012: unapiga risasi, unaua, unaokota bunduki iliyo bora kuliko uliyoshika, unaendelea. Mimi niko Munje nyumbani kwa mama, na bando la usiku na PS iliyochoka. Yeye yuko Ukunda, alikopanga chumba karibu na kazi. Mnaweza kucheza hadi watu wanne kwa mtandao, lakini sisi aghalabu ni wawili.

Mhusika wangu ni Krieg. Huyu hakuwemo gemu ilipotoka. Aliongezwa Mei 2013, na ulimlipia kando. Ni jitu lenye kinyago, kifua wazi, shoka la msumeno mkononi. Wahusika wengine wanajificha nyuma ya kuta na kulenga kwa mbali. Krieg anakimbilia adui. Akipandwa na wazimu wake anaacha bunduki, anakata kwa shoka, na kila anayemuua anamrudishia uhai. Kuna ujuzi mmoja unaoongeza nguvu ya shoka sana, ila mara moja moja pigo linakurudia mwenyewe. Kuna mwingine: ukiwasha wazimu uhai wako ukiwa chini ya theluthi, unageuka zimwi na uhai unajaa tena. Yaani kwa mchezaji wa kawaida jeraha ni hasara. Kwa Krieg jeraha ni mtaji.

Ilinichukua miezi kumwelewa. Wiki za kwanza nilikuwa nakufa kama kuku. Baadaye nikajifunza kuhesabu. Usiwashe wazimu mbele ya adui mkubwa aliye peke yake, maana hakuna wadogo wa kuua ili upone. Ingia penye kundi. Subiri uhai ushuke, usiogope ule mstari mwekundu, lakini usiuache ufike sifuri. Wee, ukishaipata ile hesabu, hakuna raha kama hiyo! Kinachowatisha wengine wewe unakiita.

Nikaanza kujiona shujaa. Aristotle aliuweka ushujaa katikati, upande mmoja woga, upande wa pili ujasiri wa kijinga. Kwake shujaa ni anayeogopa kinachostahili kuogopwa, kwa kiasi kinachofaa na wakati unaofaa. Nikasema basi ndio mimi huyo. Mimi sikimbilii kifo ovyo, mimi nimepiga hesabu.

Hesabu yangu ilikuwa na mtu mmoja tu ndani yake.

Katika gemu hii ukiishiwa uhai hufi papo hapo. Unaanguka, unapewa sekunde chache. Ukiua mtu ndani ya sekunde hizo unasimama. Ukishindwa, mwenzako anaweza kuja akuinue, lakini ili akuinue lazima aje ulipo na ainame hapo hapo bila kupiga risasi. Na mimi naangukia wapi? Katikati ya kundi, kila siku. Usiku ule nilianguka, akaja, wakamuua. Tukarudi, kila mmoja amekatwa sehemu ya pesa zake. Nikaanguka tena, akaja tena. Mara ya tatu alinyamaza kidogo, kisha akasema bila hasira, "Weye ukianguka, kazi yako imeisha. Yangu ndio inaanza."

Nilizima PS nikalala, lakini usingizi ulikataa. Maneno yale nilikuwa nayajua kwa njia nyingine.

Nilipokuwa kidato cha pili, mjomba wangu alikuwa nahodha anayesifiwa pwani yetu kwa jambo moja: alitoka wakati wa kusi. Kaskazi bahari ni shwari, kila mtu ni mvuvi. Kusi ikiingia, kuanzia Aprili na kuchacha Juni na Julai, wengi wanabaki ndani ya mwamba wakitafuta tafi na pweza. Mjomba alipita mlangoni akatoka nje kwenye kilindi. Samaki kusi ni haba, kwa hiyo bei yake ni nzuri. Nguru mmoja wa kusi alikuwa karo. Nasema hivi kwa sababu karo yenyewe ilikuwa yangu.

Siku moja magharibi iliingia na mashua yake haijaonekana. Jirani yetu, mvuvi wa ngalawa ambaye siku ile hakutaka hata kulowesha mguu, alisikia wanawake wanalia akaenda kumtafuta. Mjomba alipatikana, yeye na mabaharia wake wote. Tulisoma dua, tukapika, tukacheka. Ngalawa ya jirani ilirudi imevutwa kwa kamba, mrengu umevunjika na ubavu umepasuka mwambani. Ilikaa mchangani miezi. Muhula uliofuata mtoto wake hakurudi shule. Alikwenda Diani kutafuta kibarua.

Mtoto huyo ndiye niliyemuua mara tatu.

Tuna methali tunayoitoa haraka sana: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Tunaisema kumshauri mtu awe mwoga kidogo, aishi. Lakini usiku ule niliisikia upya. Methali haisemi shujaa atalia. Inasema kilio huenda *kwake*. Nyumbani, kwa mama, kwa mke, kwa jirani mwenye ngalawa. Shujaa mwenyewe huenda hata asikisikie.

Mwaka 1976 wanafalsafa wawili, Bernard Williams wa Uingereza na Thomas Nagel wa Marekani, waliandika juu ya bahati katika mambo ya maadili. Williams alimchukua mchoraji anayefanana na Gauguin, yule Mfaransa aliyeacha mke na watoto watano akapanda meli kwenda Tahiti mwaka 1891 ili achore. Swali lake: alifanya vibaya? Jibu lake linakera. Wakati wa kuondoka haiwezekani kujua. Akifaulu, angalau ana kitu cha kujitetea kwacho. Akishindwa, hana chochote mkononi ila watu aliowaacha. Matokeo ndiyo yanayotoa hukumu, na matokeo hayako mikononi mwake yote.

Ndivyo tulivyomhukumu mjomba. Angezama, angekuwa mpumbavu aliyeacha wajane. Alirudi, akawa simba wa bahari. Bahari ile ile, tanga lile lile. Lakini nikimsoma Williams nikiwa Munje naona mtu mmoja amekosekana kwenye mfano wake: yule aliyetoka kwenda kumtafuta. Jirani yetu hakuchagua Tahiti. Hakuwa na ndoto ya nguru. Bahati ya mjomba ilikuwa nzuri, na bili ya bahati hiyo ikapelekwa mlango wa pili.

Sasa nisijifanye mtakatifu. Mimi niliila hatari ile. Cheti changu cha kidato cha nne kina harufu ya samaki wa kusi. Na sikubali kwamba jibu ni watu wote wakae ndani ya mwamba. Timu ya watu waoga katika gemu haimalizi hata misheni moja, wanabaki wamejibanza nyuma ya ukuta mpaka risasi ziwaishie. Kijiji kisicho na anayetoka kusi kinalala njaa kwa heshima. Lazima awepo wa kuingia.

Ila tulizoea kuuliza, "Je, una ubavu?" Tukiwa na akili kidogo tunauliza, "Je, umepiga hesabu?" Nadhani swali linalofuata ndilo zito: ukianguka, nani atakuja, na yeye atalipa nini? Kijana wa bodaboda anayekata kona bila helmeti anasema maisha ni yake. Ni kweli, mpaka aanguke. Baada ya hapo ni ya mama anayeuza mbuzi kulipa hospitali. Anayechukua mkopo wa biashara ya haraka anasema ni dau lake. Waulize waliomdhamini.

Krieg ana kitu ambacho waliomtunga walikifikiria vizuri. Ndani ya kichwa chake mna sauti mbili. Moja inapiga kelele za wazimu, hiyo ndiyo dunia inayoisikia. Nyingine ni ya mtu mwenye akili timamu, imefungwa humo ndani, inamsihi asiwadhuru wasio na hatia. Nilikuwa naichukulia kama kichekesho. Sasa naiona kama sehemu ya ujuzi. Shoka kila mtu atalizoea kwa mazoezi. Ile sauti ya pili kuisikia wakati uhai uko chini ya theluthi na kundi liko mbele, hapo ndipo pana kazi.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa mjomba. Siku hizi hatoki, magoti yamekataa. Nikamuuliza kama aliwahi kumlipa jirani ile ngalawa. Alinitazama kwa muda.

"Nilimpelekea nguru," akasema. "Mzima."

"Na ngalawa?"

"Hakuidai."

Sikumjibu. Ni mjomba, na ni mimi niliyesomeshwa. Lakini nilipokuwa natembea kurudi niliona kwamba neno "hakuidai" linaweza kuwa jibu langu pia. Rafiki yangu naye hajawahi kunidai. Sio zile pesa za gemu, sio muhula ule.

Usiku tukaingia hewani. Kabla ya kuanza nilimwambia nilichokisikia kwa mjomba, na kwamba nadhani deni lile limenifikia mimi. Alikaa kimya, kisha akasema tutaongea ana kwa ana, si kwenye gemu. Sawa.

Tukaendelea. Tulipofika kwenye kundi nilisimama. "Naingia," nikamwambia. "Nikianguka usinifuate."

Akacheka. "Acha maneno. Ukianguka nitakuja, wajua nitakuja. Kwa hivyo angalia unapoangukia."

Nikalitazama lile kundi upya, nikatafuta upande ulio karibu na ukuta, mahali ambapo mtu anaweza kuinama bila kupigwa. Kisha nikaingia.