Kikombe Hakijivunji

Mama alikuwa na swali moja lililotutetemesha watoto wote wa nyumba ile: "Nani amevunja kikombe?" Nasi tulikuwa na jibu moja: "Kimevunjika." Lisikilize vizuri hilo jibu. Ndani yake hakuna mtu. Hakuna mkono, hakuna mpira uliopigwa sebuleni. Ni kikombe tu, kilichoamua siku hiyo kwamba kimechoka kuwa kizima.

Tumekua na vitenzi hivyo. Pesa zimepotea. Mradi umekwama. Viongozi wetu nao wakibanwa na wanahabari husema kulitokea makosa, kana kwamba makosa ni mvua.

Nami nilikuwa kiongozi, ingawa mdogo sana: katibu wa kikundi cha vijana mtaani. Tulikuwa tunaomba pesa za kuanzishia biashara, na kazi yangu ilikuwa kupeleka fomu kabla ya Ijumaa jioni. Ijumaa ilinikuta kwa kochi, nikitazama filamu, nikijiambia bado kuna saa. Jumatatu nikaandika kwenye WhatsApp: "Wasee, pole, fomu zimechelewa." Zimechelewa! Ungedhani zilipanda matatu zikakwama kwenye jam. Msichana mmoja aliyekuwa akisubiri hizo pesa anunue cherehani alijibu neno moja tu: "Sawa."

Hilo "sawa" lilinikosesha usingizi.

Kwetu, mazungumzo ya uwajibikaji hayakosi mtu wa kusema vijana wapelekwe jeshini, au NYS kule Gilgil, wapigishwe kwata mpaka wanyooke. Wazo lenyewe ni la zamani. NYS iliundwa 1964, mwezi mambo ya uhuru bado mabichi, na nidhamu ya kijeshi imekuwa sehemu ya mafunzo yake. Mimi nilikuwa nikicheka. Kuamka alfajiri na kung'arisha buti kunamfanya mtu awe na buti safi, basi. Tabia ni kitu kingine.

Halafu nikasoma kuhusu West Point, chuo cha kijeshi cha Marekani kilichoanzishwa 1802. Kwa desturi ya pale, kuruta wa mwaka wa kwanza akiulizwa jambo na mkubwa wake ana majibu manne pekee: ndiyo, afande, hapana, afande, sina udhuru, afande, afande, sielewi. Hakuna jibu la tano. Hakuna "unajua ilivyokuwa ni kwamba." Viatu vyako vina tope? Huenda kuna mwenzako aliyekukanyaga sasa hivi. Haidhuru. Sina udhuru, afande.

Mwanzoni niliona huo ni uonevu tu, na mara nyingine huwa uonevu kweli. Lakini fikiria kinachofanyika kinywani mwa mtu anayelirudia jibu hilo mwaka mzima. Anaondolewa kile kitenzi cha kikombe. Sentensi zake zote zinalazimika kuwa na mtu ndani.

Mmoja wa waliopitia hayo ni Dwight Eisenhower, aliyehitimu 1915. Tarehe 5 Juni 1944, siku moja kabla ya zaidi ya wanajeshi 150,000 kuvamia Normandy chini ya amri yake, alichukua penseli akaandika taarifa fupi ya kutangaza iwapo uvamizi ungeshindwa. Kwanza aliandika kwamba vikosi vimeondolewa. Kisha akakata. Badala yake akaandika kwamba yeye ndiye ameviondoa. Mwishoni akasema kama kuna lawama yoyote, ni yake peke yake. Taarifa hiyo haikuhitajika kamwe. Ilibaki kwenye pochi yake kwa wiki kadhaa.

Mimi huvutiwa na ule mkato wa penseli. Hakuna aliyemsimamia. Hakuna afande aliyekuwa akimkazia macho. Jenerali aliyekuwa juu ya wote alijikuta ameandika "kimevunjika," akajirekebisha mwenyewe.

Tusidanganyane lakini. Chuo hichohicho kina kanuni ya heshima inayokataza uongo, udanganyifu na wizi, na bado mwaka 1976 wanafunzi zaidi ya 150 waliondoka kwa sababu ya udanganyifu katika kazi moja ya masomo. Mwaka 2020 wengine zaidi ya 70 walishutumiwa kudanganya katika mtihani wa hesabu. Kwata haimtoi mtu uongo kama dobi anavyotoa doa.

Tena jeshi lina kitenzi chake hatari kuliko chetu: "niliamriwa." Baada ya vita hivyo, mahakama ya Nuremberg ilikataa kwamba amri ya mkubwa inamfutia mtu hatia. Kumbe hata mwenye magwanda anaweza kujificha ndani ya kitenzi, akawaacha wafu bila muuaji.

Kwa hiyo nadhani swali la mafunzo si kama yanamfundisha mtu kusema "sina udhuru" kwa aliye juu yake. Hilo hofu inatosha kulifundisha. Swali ni kama siku moja ataweza kulisema kwa walio chini yake, watu wasio na uwezo wa kumwadhibu. Katiba yetu ya 2010, katika Sura ya Sita, inamtaka kiongozi awajibike kwa umma kwa maamuzi na matendo yake. Awajibike kushuka chini, si kupanda juu. Na hilo halihitaji bunduki wala Gilgil. Linahitaji kukata neno moja na kuandika jingine.

Nilichukua siku tisa. Kisha nikaandika kwenye kikundi: "Fomu hazikuchelewa. Sikuzipeleka. Nilikuwa nyumbani, na sina udhuru." Usidhani walinipigia makofi. Mmoja alinitukana, wawili wakanyamaza, na kikao kilichofuata wakachagua katibu mwingine. Iliniuma, bana. Nilikuwa nimetarajia ukweli ununue kitu.

Yule msichana wa cherehani ndiye alinitafuta baadaye. Aliuliza kama nitamsaidia kujaza fomu ya awamu iliyofuata. Nilimsaidia. Tulizipeleka pamoja, siku ya Jumatano.