Taka ya Dhaka

Soko la samaki la Matrah, Muscat. Nyuma yangu vijana wawili wa Bangladesh walikuwa wakipiga hesabu ya pesa za kutuma nyumbani. Kibengali chao sikuambulia kitu ila neno moja walilolirudia: taka, taka, taka. Nikajikuta nacheka peke yangu kama mwehu.

Taka ndiyo fedha yao, tangu 1972. Neno lenyewe lina umri mkubwa kuliko nchi: latokana na “tanka” ya Kisanskriti, yaani sarafu, na hata Wabengali wa India rupia yao huiita taka. Kwetu taka ni kinachofagiwa. Tena ni kutamani: nataka, unataka. Mjapani naye akisema taka anamtaja kipanga.

Mpenda mafumbo hapa hujiramba: fedha ni uchafu, na wanaoutaka huunyakua kama kipanga! Mimi simo. Chukua lugha yenye konsonanti 15 na irabu 5, ambayo kila silabi yake ni konsonanti moja na irabu moja. Utapata silabi 75. Ukiziunga mbili mbili, maumbo 5,625, basi. Lugha inahitaji maelfu ya maneno, na mafupi ndiyo yanayogombewa. Kiswahili na Kijapani zimejengwa karibu hivyo, zitaachaje kugongana? (Japani kuna mji, Kumamoto, ambao Mswahili hautaji mbele ya mkwewe. Wenyewe huuandika kwa alama za “dubu” na “asili”, wala hawaoni cha kuchekesha.) Anayetafuta undugu aende Rwanda, ambako “ubutaka” ni ardhi: hapo Kibantu kinanukia.

Basi maana haimo katika sauti. Hilo ni rahisi kulisema. Kinachonisumbua ni kile kicheko. Najua vijana wale wanataja fedha, na bado sikio langu linasikia jaa. Siwezi kuliamuru likae kimya hata dakika moja. Maana sikuichagua mimi. Nimeirithi kwa mama yangu pamoja na ufagio, na ujuzi wangu wote wa Kisanskriti haujaweza kuing’oa.

Na ajabu, nyumbani hainitatizi. Mwokota chupa akisema “nataka taka” hapotei mtu: ile “na” ya mwanzo imeshatupa njia. Tunaishi na pacha hawa wasiozaliwa pamoja bila hata kuwatazama mara mbili. Ilibidi nivuke bahari, nisimame mbele ya ndoo ya jodari, ndipo niwaone.

Muuza samaki, mzee aliyezaliwa Unguja, alinichoka. “Mwanangu, unataka nini?”

Kabla sijajibu, kijana mmoja wa Bangladesh aligeuka ghafla, mkono juu ya mfuko wake.