Kumtaja Mtoto Aliyefariki: Je, Ni Kukosa Subira?

Tumeulizwa na mzazi mmoja katika wasomaji wetu, aliyefiwa na kijana wake wa miaka 15 kwa maradhi ya saratani, kama ana makosa kwa kuendelea kumtaja. Kila akilitamka jina lake, jamaa humkatiza kwa kumwambia, "Mwachie Mungu," kisha huanza mazungumzo mengine. Jamaa hao hatuwadhanii ubaya. Lakini nia njema si hoja.

Twajibu kwamba subira ni kuizuia nafsi isimlaumu Mola wake, na kuuzuia ulimi na mikono na yale ya kijahili, kama kupiga mashavu na kurarua nguo. Kusahau hakumo katika maana hiyo. Nabii Yakubu ndiye aliyeahidi subira njema siku alipoletewa kanzu yenye damu, na ndiye yule yule aliyemlilia Yusufu hata macho yake yakawa meupe. Na yatupasa kuangalia ni nani waliomkemea kwa kumtaja Yusufu: ni wanawe, watu wa nyumbani mwake, tena wenye sababu zao za kutaka jina hilo lisisikike! Yeye aliwajibu kuwa mashtaka yake anayapeleka kwa Mwenyezi Mungu tu. Jina hakuliacha.

Mtume wetu (S.A.W.) alizika watoto sita katika saba, na alipokufa mwanawe Ibrahimu mwaka wa 10 wa Hijra alilia mbele ya watu, hata Abdurrahman bin Auf akastaajabu. Baada ya vita vya Badri, Bi Zainab alipeleka kidani kumkomboa mumewe, nacho kilikuwa cha mamake, Bi Khadija. Mtume alipokiona moyo wake ulilainika sana. Basi mzazi aliyetuuliza kama ayachome madaftari ya shule ya mwanawe, kwa kuwa kila akiyaona hulia, twamwambia asiyachome.

Katika jambo hili tumefaidika pia na maneno ya mtu asiyekuwa wa dini yetu, wala hatuoni haya kusema hivyo. John Gunther, mwandishi wa Kimarekani aliyetoa kitabu kikubwa juu ya Afrika mwaka 1955, alikuwa na mwana aliyeitwa Johnny. Mwezi wa Aprili 1946, kijana akiwa na miaka 16, alionekana na uvimbe katika ubongo. Alipasuliwa, akatiwa miali, akajaribiwa dawa na vyakula vya namna namna. Mwezi wa Juni 1947 alikwenda kwa miguu yake, kichwa kimefungwa bendeji, kupokea shahada yake katika shule ya Deerfield, na tarehe 30 ya mwezi huo huo akafariki. Alikuwa na miaka 17. Babake aliandika khabari zake katika kitabu kiitwacho Death Be Not Proud, kilichotoka mwaka 1949. Kilio cha baba hakikuzidi humo. Mengi ni ya kijana mwenyewe: mzaha wake, barua zake, majaribio yake ya kemia.

Hapa ndipo penye kosa la wale wanaokataza. Wao hudhani kwamba kumtaja marehemu ni kuyataja maradhi, kwa kuwa wao walimwona kitandani tu. Johnny aliugua miezi 15; miaka 16 iliyotangulia alikuwa mtoto mzima wa afya. Mzazi akumbuka yote. Kumnyamazisha ni kuiachia saratani imchukue mtoto mara ya pili, pamoja na siku ambazo haikuwa nayo.

Liko lakini jambo la kuhadharishwa. Katika hadithi tumekatazwa neno "lau": lau tungalifanya hivi ingalikuwa vile. Lau tungalimpeleka India mapema. Lau tungalimwona daktari mwingine. Neno hilo halina mwisho, tena mara nyingi huletwa matangani na mgeni, yule yule ambaye baadaye atasema "Mwachie Mungu"! Mama yake Johnny, katika maneno yake mwishoni mwa kitabu, alitamani kwamba wangalimpenda mwana wao zaidi. Je, hiyo nayo ni "lau"? Sisi hatuoni hivyo. Hakuidai kadari irudi nyuma. Mapenzi yalibaki naye na mwenye kupewa ameondoka. Mapenzi hayo yana pa kwenda, kwa ndugu wa marehemu walio hai, ambao mara nyingi husahauliwa katika nyumba yenye msiba.

Gunther na wachapishaji wake hawakuila faida ya kitabu kile. Ilitolewa kwa utafiti wa saratani ya watoto. Hapa kwetu tunawajua wazazi waliouza dhahabu na viwanja ili kulipia dawa na nauli. Mwenye kutaka kumtolea mwanawe sadaka, na aanze kwa watu hao, wala asione vibaya kusema kuwa sadaka hiyo ni ya nani.