Jina ni mali ya nani?

Mwaka 1987 kampuni ya Ford ya Marekani ilipokea barua nyingi za hasira kutoka kwa wateja wake. Hawakuwa wakilalamikia bei, wala gari bovu waliloliuziwa. Walikuwa wakililalamikia gari ambalo lilikuwa bado halijaingia sokoni. Jarida la magari liitwalo AutoWeek lilikuwa limefichua kwamba Mustang waliyoizoea itaachwa, na jina lake litapewa gari jipya lililoundwa pamoja na Mazda ya Japani, gari linalovutwa na tairi za mbele. Ford wakarudi nyuma. Mwaka 1988 gari lile jipya lilitoka likiitwa Probe, na Mustang ikabaki Mustang, ikisukumwa na tairi za nyuma kama ilivyokuwa tangu ilipozinduliwa mwaka 1964.

Wapo watakaocheka. Watu wazima, wenye kazi na familia zao, wanakaa chini kuandika barua kwa sababu ya tairi! Lakini mimi naona kuwa ndani ya ugomvi ule limo swali zito linalomhusu kila mfanyabiashara na kila mnunuzi: je, mwenye jina ana haki ya kulivika kitu chochote akitakacho?

Kwanza tuwafanyie insafu Ford, maana hawakuwa wendawazimu. Mafuta yalipanda bei ghafla mwaka 1973, yakapanda tena mwaka 1979. Katikati ya hapo, mwaka 1975, Marekani ilitunga sheria ya kuzitaka kampuni zipunguze unywaji wa mafuta wa magari yao, na lengo la magari ya mwaka 1985 likawa wastani wa maili 27.5 kwa galoni moja. Gari linalovutwa na tairi za mbele lina faida za wazi katika hali kama hiyo. Injini, gia boksi na difu hukaa mahali pamoja, halihitaji propela shafti ndefu ya kupeleka nguvu nyuma, hivyo linakuwa jepesi na ndani kunakuwa na nafasi. Uzito wa injini huzikandamiza tairi zinazovuta, kwa hiyo halitelezi ovyo kwenye mvua na theluji. Ford walikuwa na karibu robo ya hisa za Mazda, na Mazda walikuwa wakifungua kiwanda Flat Rock, katika jimbo la Michigan. Hesabu zote zilikubali. Wala hawakuwa peke yao. General Motors nao walikuwa na mpango wa kuigeuza Camaro na ndugu yake Firebird zivutwe na tairi za mbele, mpango walioufuta mwaka 1986.

Sasa basi, kama hesabu zilikubali, kosa lilikuwa wapi?

Magari haya, ambayo Wamarekani huyasifu kwa msuli, yalikuwa na mapatano yake na mnunuzi: bodi ya kawaida, injini kubwa, bei ambayo mfanyakazi wa kawaida angeweza kujikaza akaifikia. Unapokanyaga mafuta, uzito wa gari hurudi nyuma na kuzikandamiza tairi za nyuma, nazo husukuma kwa nguvu zaidi. Za mbele hubaki na kazi moja tu, kukata kona. Ukizitwika tairi za mbele kazi zote mbili, na injini ikawa na nguvu nyingi, usukani huanza kukuvuta upande. Kwa gari la kwenda sokoni hilo si tatizo. Kwa gari ambalo sifa yake yote ni nguvu, hapo umegusa roho yake.

Mtu anaweza kunijibu kwamba jina ni mali ya kampuni. Wamelisajili, wamelilipia, wana haki nalo kisheria. Ni kweli. Lakini thamani ya jina lile haikutengenezwa kiwandani peke yake. Ilitengenezwa pia na yule kijana aliyedunduliza mshahara akanunua, na na jirani yake aliyeliona likipita akalitamani. Ford ndio walioumba neno. Watu ndio walioliamini. Kitu kilichojengwa na pande mbili hakiwezi kuwa halali ya upande mmoja kukifanya utakavyo. Kwangu mimi, jina la bidhaa ni amana iliyo mikononi mwa mwenye kiwanda.

Kuna jibu la pili, nalo lina nguvu zaidi. Mustang yenyewe ilizaliwa ikiwa na viungo vya Falcon, gari la kawaida la familia. Mwaka 1974 ikapunguzwa umbo, ikaundwa kwa vipande vingi vya Pinto, gari dogo la bei nafuu, na mwaka huo huko Marekani haikuuzwa na injini ya silinda nane hata moja. Pamoja na hayo zaidi ya magari 380,000 yalinunuliwa katika mwaka wake wa kwanza. Iweje basi watu waliovumilia yote hayo washindwe kuvumilia tairi?

Nadhani Toyota Corolla inatupa jawabu, gari ambalo wengi wetu wa Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar tumelipanda. Mwaka 1983 Corolla za kawaida ziliacha kusukumwa na tairi za nyuma zikaanza kuvutwa na za mbele. Jina halikubadilika, na mteja hakuona kuwa amepunjwa. Kwa nini? Kwa sababu ahadi ya Corolla ilikuwa ni kukufikisha kwa gharama ndogo bila kukusumbua, na ahadi hiyo ilibaki. Na tazama jambo hili: katika toleo hilohilo, Toyota waliziacha Corolla zao za michezo, zile ambazo mafundi huziita AE86, zikiendelea kusukumwa na tairi za nyuma. Jina moja, kampuni moja, ahadi mbili, na kila mnunuzi akapewa alichoahidiwa.

Kwa hiyo mizani ninayoipendekeza ni hii: chuma kinaweza kubadilika, umbo linaweza kubadilika, lakini lile lililomfanya mtu atoe fedha yake lisiondolewe kimyakimya chini ya jina lilelile. Ahadi ni deni. Probe halikuwa gari baya, na lilipata wanunuzi wake hadi mwaka 1997. Lilipopewa jina lake lenyewe halikumdhulumu mtu. Dodge walichagua njia nyingine. Walilichukua jina la Charger, lililokuwa la gari kubwa lenye nguvu, wakalibandika miaka ya 1980 kwenye gari dogo lililovutwa na tairi za mbele. Lilikoma mwaka 1987. Jina hilo liliporudi baadaye, kwa magari ya mwaka 2006, lilirudi juu ya gari linalosukumwa na tairi za nyuma. Jina jema hung'ara gizani, wahenga walisema, lakini haling'ari juu ya kila kitu.

Hata hivyo, nisiwaachie wateja wakatoka wakiwa wasafi kabisa. Anayedai kitu kitunzwe, naye ana wajibu wa kukitunza. Ford walitumia takriban dola milioni 700 kuitengeneza upya Mustang ya mwaka 1994, na watu walionunua ndio walioithibitishia kampuni kuwa zile barua zilikuwa za kweli. Camaro nayo iliepushwa na tairi za mbele, lakini wanunuzi walipungua mwaka hadi mwaka, na mwaka 2002 utengenezaji ukasimama. Ilirudi mwaka 2009, ikasimama tena mwaka 2023. Barua ya hasira ni rahisi kuiandika. Kuutia mkono mfukoni ni jambo jingine. Wangapi kati yetu wanalilia duka la zamani la mtaani lisifungwe, na hawajanunua humo hata kilo ya sukari mwaka mzima?

Mwaka 2019 Ford walilitoa tena jina la Mustang, safari hii kwa gari la umeme lenye milango minne na nafasi ya familia. Wenye kulipinga walipinga, na wenye kulitaka wakanunua. Tofauti na ule mpango wa miaka ya 1980 ni kwamba Mustang ya zamani haikuondolewa ili kulipisha. Viliuzwa vyote viwili, kila kimoja kikionekana wazi kilivyo. Mimi bado naona jina lile limevutwa mno. Lakini ninakubali kwamba mteja aliyeachiwa kitu chake hana dai kama la mteja aliyenyang'anywa.

Basi tunapotaka kubadilisha kilichobeba jina linaloaminiwa, liwe la gari, la duka au la shule, tusiishie kuuliza kama sheria inaruhusu. Tumuulize aliyeliamini jina hilo: wewe uliahidiwa nini? Akishajibu, tutajua kama tunachotaka kukifanya ni marekebisho au ni udanganyifu.